Hitilafu Ndogo

Ukiteremka kutoka Kabalagala kwa barabara ya Ggaba, kabla hujafika Bunga, unaingia Kansanga. Kampala ni mji wa Waganda na lugha yao ndiyo inayotawala sokoni, lakini hapa mtu anaweza kupanga chumba, kununua chapati na kugombana na boda boda kwa Kiswahili kitupu tangu asubuhi hadi usiku. Sababu kubwa ni chuo. Kampala International University kilianzishwa mwaka 2001 na makao yake yakawekwa hapa hapa Kansanga, na kwa miaka kimevuta vijana wa Kenya, Tanzania, Kongo, Sudan Kusini na Somalia. Wamekuja na Kiswahili chao, au tuseme na Viswahili vyao, maana si kimoja.

Nilikaa karibu saa nzima kwenye kibanda cha fundi simu, kando ya barabara hiyo. Meza ya mbao, kisanduku cha kioo chenye betri na vioo vya simu, taa ya kuinamia, chupa ya spiriti, mswaki wa zamani ulionyooka nywele. Kijana mwenyewe ni Mganda, na Kiswahili chake amekiokota kwa wateja. Akaja binti wa Kenya: "Imekuwa ikijizima tu tangu jana." Akaja kijana wa Dar es Salaam na kompyuta kwapani: "Kaka, hii inazingua. Inazimazima." Akafuata mwanafunzi wa Bukavu, akaweka simu mezani akasema ina pane, neno walilolipata kwa Wafaransa na Wabelgiji, la gari lililokwama njiani. Mwisho mama wa jirani, kwa Kiganda, akatamka neno moja tu: "Efudde." Imekufa. Fundi hakushtuka kwa msiba huo. Alichukua bisibisi.

Hakuna hata mmoja aliyesema hitilafu. Neno hilo nilikuwa nalo mimi, mfukoni. Asubuhi hiyo benki yangu ya nyumbani ilinitumia ujumbe kwamba huduma haipatikani kutokana na hitilafu ndogo ya kiufundi, nijaribu tena baadaye. Nilikuwa nimesoma ujumbe kama huo mara mamia bila kuuangalia usoni. Pale kibandani, nikiwasikiliza watu wanne wakieleza ubovu wa aina moja kwa maneno manne, ndipo nilipojiuliza neno hili la matangazo limetoka wapi, na kwa nini wenye vitu vibovu hawalitumii.

Limetoka mbali, na mwanzoni halikuwa na uhusiano wowote na mashine. Asili yake ni Kiarabu, ikhtilafu, yaani kutofautiana. Mzizi wake ndio uliotupa pia khalifa, anayekuja nyuma ya mwingine akashika nafasi yake, na ndio uliotupa halifu, kwenda kinyume cha amri. Kwa hiyo hitilafu na mhalifu ni ndugu wa tumbo moja, ingawa mmoja anapelekwa polisi na mwingine anaombewa radhi kwenye matangazo. Katika darasa za dini za Unguja, Lamu na Mombasa neno hili lilikuwa na heshima yake: ikhtilafu za maulamaa ni zile tofauti za rai baina ya wanazuoni, huyu wa Kishafi anasema hivi na yule wa Kihanafi anasema vile. Hakuna aliyeharibika hapo. Wamesoma maandiko yale yale wakatoka na majibu mawili.

Maana hiyo haijafa. Gazeti likiandika kwamba viongozi wawili wa chama wamehitilafiana, msomaji hafikirii kwamba fyuzi imeungua. Anaelewa kwamba hawaelewani. Kamusi sanifu ya Kiswahili na Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939 chini ya Frederick Johnson inalianza neno hili kwa maana ya tofauti, halafu ndipo inapofika kwenye dosari. Mpangilio huo unaonyesha njia yenyewe. Bidhaa iliyopishana na orodha ina hitilafu. Hesabu isiyolingana na fedha zilizopo ina hitilafu. Kutoka hapo ni hatua moja tu kufika kwenye nguo yenye kasoro, na kutoka kwenye nguo hadi kwenye mtambo.

Lugha hii lakini haikuwa na upungufu wa maneno ya ubovu. Kasoro ni upungufu hasa. Saa tano kasorobo ni saa tano iliyopungua robo. Dosari ni doa, kitu kizuri kilichochafuka mahali. Ila ni lile la methali, kizuri hakikosi ila. Kila neno lina tundu lake. Hitilafu imesimama peke yake kwa kuwa ndani yake kuna vitu viwili: ili pawe na hitilafu lazima pawe na kilivyopaswa kuwa na kilivyo. Mhandisi anayepima umeme angelipenda neno hili kwa sababu hiyo hiyo. Waya ulipaswa kuwa na volti 240 na sasa una 190. Tofauti ni 50. Hiyo ndiyo hitilafu, kwa maana yake ya kwanza kabisa, bila kuongeza wala kupunguza.

Wazungumzaji wa Kiingereza wana neno fupi zaidi, glitch, na historia yake inapita kwetu kwa njia ambayo wengi hawaijui. Wataalamu wengi wa asili ya maneno wanalirudisha kwenye Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, na kwenye Kijerumani, ambako maana yake ni kuteleza. Mswahili akisikia hayo atatabasamu, maana kuteleza si kuanguka. Watu wa redio wa Marekani walilitumia katika miaka ya 1940. Lakini kilicholipeleka kwa umma ni chombo cha anga.

Tarehe 20 Februari 1962 Mmarekani John Glenn aliizunguka dunia mara tatu ndani ya chombo kilichoitwa Friendship 7, kwa muda usiofika saa tano. Ili asipotee masikioni mwa wenzake, Marekani ilikuwa imetandaza vituo vya mawasiliano kuzunguka dunia, na kimojawapo kilikuwa Unguja, pale Tunguu. Makubaliano ya kukijenga yalifanywa baina ya Marekani na Uingereza mwaka 1960, wakati Zanzibar ingali chini ya himaya ya Waingereza, na hakikupokelewa kwa vigelegele. Wapinzani wake, chama cha Zanzibar Nationalist kikiwa mbele, waliandamana wakisema ni kituo cha makombora kitakachowaletea watu vita isiyo yao. Nani angewalaumu? Antena kubwa kando ya mashamba ya mikarafuu na minazi, na wageni wanaosema wanasikiliza mtu aliye mbinguni.

Kweli walikuwa wakimsikiliza. Glenn alikatiza Afrika kutoka upande wa Kano, Nigeria, akaja juu ya Zanzibar, na mafundi wa Tunguu wakazungumza naye na kufuatilia hali yake. Katika mzunguko wa pili mambo yakaharibika huko Florida, alikokuwa akiongozwa. Alama moja kwenye mitambo ilionyesha kwamba ngao ya joto, ile inayomkinga rubani asiungue anaporudi duniani, imelegea. Ikiwa ni kweli, mtu huyu angerudi akiwa majivu. Vituo vya njiani viliagizwa viiangalie alama hiyo kwa makini, na Glenn akaamriwa arudi bila kuachilia kifurushi cha roketi za breki, huenda mikanda yake ingeishikilia ngao. Akashuka huku vipande vya kifurushi hicho vikiwaka moto na kupita mbele ya dirisha lake. Alipopatikana baharini mzima wa afya, ilibainika kuwa ngao haikuwa na lolote. Kilichokosea ni swichi ndogo iliyotoa habari ya uongo.

Mwaka huo huo Glenn na wanaanga wenzake sita walitoa kitabu, na humo ndimo alimowaeleza wasomaji wa kawaida maana ya glitch: kupanda au kushuka kwa ghafla kwa nguvu ya umeme pale mzunguko unapotwishwa mzigo mpya. Akatoa mfano wa taa za nyumbani zinazofifia unapowasha kifaa kingine. Mkazi yeyote wa vyumba vya kupanga Kansanga anaujua mfano huo bila kufika angani. Jirani akichomeka pasi, balbu yako inakuwa ya njano, halafu inarudi. Hiyo ndiyo glitch ya Glenn, na sisi tunaiita taa kufifia.

Kituo cha Tunguu hakikuona miaka mingi. Mapinduzi ya Januari 1964 yalipotokea Wamarekani wakaondoka, na serikali mpya ikaamuru kifungwe mwaka huo huo. Leo Tunguu watu wanaijua kwa vyuo vikuu.

Kuna pia neno jingine la Wamarekani, bug, yaani mdudu. Thomas Edison aliliandika katika barua ya mwaka 1878 akimaanisha vikwazo vidogo vinavyojitokeza kwenye uvumbuzi mpya, lakini kisa kinachopendwa zaidi ni cha tarehe 9 Septemba 1947, pale Harvard, mafundi wa kompyuta ya Mark II walipomkuta nondo amenasa kwenye rilei. Walimtoa, wakambandika kwa utepe wa gundi kwenye daftari la kazi, na daftari hilo limehifadhiwa kwenye makumbusho mpaka leo. Naona raha ya pekee kukisimulia kisa hiki kwa Kiswahili, kwani kwetu nondo ni mdudu, ni chuma cha kujengea, na kwa vijana wa Tanzania ni hoja nzito anayoishusha msemaji. Kompyuta iliyoangushwa na nondo! Msikilizaji asiye makini ataulizia ilikuwa milimita ngapi.

Tusiwacheke. Na huku kwetu wadudu wanafika, tena wakubwa zaidi. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru, kwenye mto Tana nchini Kenya, akaanguka juu ya transfoma. Transfoma ikajikata, mashine nyingine zikaelemewa nazo zikajikata, megawati 180 zikapotea na Kenya nzima ikaingia gizani kwa saa kadhaa. Tumbili alitoka hai akakabidhiwa kwa shirika la wanyamapori. Taarifa ya kampuni ya umeme ilimtaja waziwazi, tena ikasimulia tukio lake hatua kwa hatua, na ndiyo sababu dunia nzima ililikumbuka. Ingeandika hitilafu ya kiufundi, nani angelikumbuka?

Uganda nayo ina kisa chake. Tarehe 14 Aprili 2020, maji ya Ziwa Victoria yakiwa yamejaa kupita kiasi, kisiwa cha mafunjo kinachoelea kilisukumwa na upepo hadi Jinja kikaziba njia za maji za mabwawa, na nchi ikakosa umeme. Bwawa la zamani hapo ni Nalubaale, lile lililofunguliwa na Malkia Elizabeth tarehe 29 Aprili 1954 likiitwa Owen Falls. Miaka 66 ya chuma na saruji, halafu majani.

Na kwa kuwa tumefika kwenye umeme wa Uganda, jambo hili halijawahi kuacha kunishangaza. Kiswahili nchini humu kimepita kwenye misukosuko. Kililetwa na wafanyabiashara wa pwani waliofika kwenye baraza la Kabaka, mfalme wa Buganda, katika karne ya 19, kikawa lugha ya askari, Idi Amin akakitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na raia wengi wakakihusisha na bunduki za vizuizini. Katiba ikakifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaazimia kifundishwe kwa lazima shuleni. Lakini katikati ya wasiwasi huo wote, kampuni iliyokabidhiwa kusambaza umeme nchini tarehe 1 Machi 2005 ilijiita Umeme, neno letu kabisa, na kwa miaka 20, hadi tarehe 31 Machi 2025, Mganda asiyetaka kusikia Kiswahili alilitamka kila taa zilipozimika. Kwa Kiganda nguvu yenyewe inaitwa amasannyalaze. Mita za kulipia kabla zikaitwa Yaka, Kiganda cha waka. Neno moja la Kibantu, konsonanti tofauti. Mteja wa Kansanga aliyeishiwa alikuwa anasema kwa pumzi moja kwamba Yaka imekwisha na Umeme hawapokei simu.

Hata jina la nguvu hiyo halikubaliani na mipaka. Mtanzania anasema umeme umekatika, na umeme kwake ni ule ule wa radi. Mkenya anasema stima imepotea, na stima ni neno lililoanza na meli za mvuke likahamia kwenye waya. Mmoja anaona kamba iliyokatwa, mwingine anaona kitu kilichopotea njia. Ukiwaweka wote wawili kwenye chumba kimoja cha Kansanga, usiku, giza limeingia, hawatapata shida kuelewana. Watatafuta mshumaa.

Hapo ndipo ninaporudi kwa fundi wangu, kwa sababu nadhani kibanda chake kina jibu la swali langu. Ukimwacha yule wa Bukavu na pane yake, watu waliokuja hawakumletea nomino. Walimletea kitenzi. Kiswahili cha mtaani kinapoeleza ubovu kinaifanya mashine mtu: imegoma, imezingua, imeganda, imelala, imekufa, imefufuka. Kugoma ndiko ninakokupenda zaidi. Mwaka 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma kuanzia tarehe 13 Januari, bandari na reli zikasimama karibu wiki mbili. Injini ya lori ikigoma kwenye mlima wa Mazeras, dereva anaizungumzia kwa kitenzi kile kile, kama mfanyakazi mwenye madai. Anaipigapiga, anaibembeleza, anaitukana, na pengine anaipa maji.

Na kuna zaidi ya hapo. Sikiliza tena yule kijana wa Dar: inazimazima. Hakusema imezima. Ikiwa imezima, fundi anajua betri imekufa au bodi imeungua. Inazimazima ni habari nyingine kabisa: inazima, inawaka, inazima tena bila mpangilio, kwa hiyo kuna kitu kimelegea, mguso haushiki, mahali fulani waya unacheza. Kwa kurudia shina la kitenzi mteja amempa fundi nusu ya uchunguzi. Inakatakata, inawakawaka, inakwamakwama, inarukaruka. Ule utelezi mdogo ambao Wamarekani wameutafutia jina kwa Kiyidi, sisi tulikuwa nao kwenye sarufi tangu bibi zetu, na tulikuwa tukiutumia kwa mtoto anayelialia na mvua inayonyeshanyesha kabla hatujaona balbu.

Kwa hiyo sidhani kwamba hitilafu ni neno baya. Ni neno zuri lililopelekwa kazi isiyo yake. Linapotumiwa na mtu anayeweza kutaja vitu viwili vilivyotofautiana, kama mhandisi na volti zake, au mwanachuoni na rai zake mbili, linafanya kazi safi. Linapoandikwa peke yake kwenye tangazo linakuwa pazia. Kitenzi kina mtendaji: tumbili ameanguka, kisiwa kimeziba, swichi imedanganya. Nomino haina. Hitilafu imetokea, kama mvua, na hakuna wa kuulizwa. Halafu wanaongeza kile kivumishi, ndogo, na hicho ndicho kinachonikera. Ndogo kwa nani? Swichi iliyomtia hofu Glenn ilikuwa ndogo, na yeye alikuwa ndani. Hitilafu ndogo ya benki ni kubwa kwa mwanafunzi anayesubiri karo, naye amesimama dirishani siku ya mwisho ya kulipa.

Zamu yangu ikafika. Nilitaka kusema simu yangu ina hitilafu kwenye mfumo wa kuchaji. Nikasema, "Inachaji inaacha, inachaji inaacha."

"Ah," akasema, "iko uchafu."

Hakufungua hata skurubu moja. Aliwasha taa, akaingiza sindano nyembamba kwenye tundu la chaja, akachomoa polepole kijibonge cha nyuzi za mfuko wa suruali kilichoshindiliwa na vumbi jekundu la barabara ya Ggaba. Akakiweka mezani mbele yangu kama daktari wa meno anavyoonyesha jino. Akapaka spiriti kwenye mswaki, akasugua mara mbili, akachomeka waya. Alama ya chaji ikatokea na haikucheza.

"Imepona, mzee."

Nilimlipa shilingi 5,000 za Uganda. Nikajaribu benki tena, kama nilivyoagizwa, nikajaribu kesho yake na kesho kutwa, na kila mara nilijibiwa kwamba ni hitilafu ndogo.

Nawe unayeandika matangazo hayo, popote ulipo, Kiswahili chako ni safi na sina ugomvi nacho. Tunaomba kitenzi tu: ni kitu gani kimefanya nini, na kitarudi saa ngapi.